Kijiko cha Pili Kilitoka Wapi?

Nakutegea wewe uliyeshika kitabu hiki. Nina ghala langu. Naweka cha leo, cha jana hakitoki. Naweka cha kesho, cha leo hakiozi. Na kila ninapoweka, ghala linaniuliza: umeweka nini, na kwa nini? Ni nini hilo?

Usiseme tumbo. Tumbo halina kumbukumbu. Lingekuwa nayo, lisingedai chakula kila siku. Usiseme kaburi pia. Kaburi haliulizi mtu kitu.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Nipe Kunduchi pamoja na hoteli zake za ufukweni, nikakae nikinywa dafu. Nikichoka kutawala, nitakupa jibu.

Sie tunakaa Kinondoni. Mie ni Bibi Mwamvita. Nakaa na wajukuu zangu wawili, Twaha na mdogo wake Munira. Mambo haya yalitokea mwaka wa tisini na sita. Miaka ile milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na vitu vya nje vikamwagika mjini. Viatu vya mitumba, redio za mitumba, hata kompyuta za mitumba. Twaha alileta moja nyumbani. Niliifumia kitambaa cheupe cha kuifunika, kama nilivyoyafumia makochi na redio. Twaha alicheka.

"Bibi, hii si bi harusi."

"Vumbi halijui bi harusi wala kompyuta," nikamwambia. "Ifunike."

Munira alikuwa amesoma kompyuta kwenye chuo kidogo mjini. Twaha alijifunza kwa kutengeneza zilizoharibika. Wote wawili wakaandika programu ya zahanati moja ya Mwenge. Programu ni maagizo. Yanaandikwa mstari kwa mstari, na kompyuta inafanya kila mstari unavyosema. Ukiandika upuuzi, itafanya upuuzi huohuo, tena upesi.

Programu yao ilikuwa hivi. Nesi, kwenye kompyuta ya zahanati, anaandika jina la mtoto, uzito wake, na dawa ya maji anayopewa. Kompyuta inachapa lebo: mpe mtoto vijiko hivi, mara hizi kwa siku. Lebo inabandikwa kwenye chupa, mama anaondoka nayo.

Mimi nilifurahi. Niliwaona wamekaa kwa zamu mbele ya kile kioo, huyu asubuhi, huyu mchana. Nikasema, alhamdulillahi, wajukuu zangu wanafanya kazi pamoja.

Kumbe hawakuwa pamoja.

Twaha alikuwa na disketi yake. Munira alikuwa na yake. Programu ya kwanza waliiita DOZI. Munira alipobadilisha kidogo, aliiita DOZI2. Twaha akaichukua, akabadilisha, akaiita DOZIMPYA. Ikaja nyingine, ikaitwa DOZIHASA. Ukiuliza ipi ndiyo hasa, kila mmoja anakunyooshea disketi yake. Mara nyingine Twaha aliweka yake juu ya ya Munira, na kazi ya Munira ikapotea. Munira alinyamaza. Kwetu mdogo hamhoji mkubwa wake. Na mkubwa naye haombi ruhusa kwa mdogo.

"Kwa nini humuulizi kaka yako?" nilimwambia siku moja.

"Nimuulize nini, Bibi? Keshagusa yeye, basi."

Ndivyo tulivyokuwa tukiishi. Sasa sikia.

* * *

Alasiri moja nilisikia hodi, na hodi yenyewe haikungoja karibu. Aliingia Sista Kokushubila, nesi mkuu wa ile zahanati. Ni mama wa Kihaya, mpole, mwenye sauti ya chini. Siku ile hakuwa na sauti ya chini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini? Mbona unahema?"

Aliweka chupa mezani, mbele ya Munira. Ilikuwa dawa ya maji ya malaria.

"Soma lebo."

Munira akasoma.

"Mtoto wa kilo nane," alisema Sista. "Mashine yenu inasema vijiko viwili. Miaka yote ninatoa kijiko kimoja. Dawa hii ikizidi kwa mtoto mdogo, haimuumizi tumbo tu. Inasimamisha moyo."

Nilishika ukingo wa kochi. Sijui kwa nini nilishika. Labda nilitaka kitu kisichotikisika.

"Umejuaje, Sista?" aliuliza Munira.

"Mimi kila mama namwambia anisomee lebo kabla hajatoka. Huyu aliposoma viwili, nikamnyang'anya chupa. Lakini kabla yake alitoka Zubeda, yule anayekaanga samaki Kunduchi. Nilikuwa nimeitwa wodini, hakunisomea. Ameondoka na chupa kama hii. Nimemtuma dereva wetu amtafute."

Nje mtu alikuwa akiita wateja wa mkaa. Sauti yake ilinikera kama vile yeye ndiye mwenye kosa.

"Na si hilo tu," Sista akaendelea. "Wiki nzima iliyopita nilikuwa kwenye semina. Aliyeshika nafasi yangu hawasomeshi akina mama. Nataka kujua jambo moja. Vijiko viwili vimeanza lini? Leo, au tangu wiki iliyopita? Kama ni wiki iliyopita, kuna watoto wengi huko majumbani. Nianze kugonga milango mipi?"

Wakati huo Twaha alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona amebeba waya mkononi. Alikuwa amesikia yote.

"Twaha," alisema Sista, "wewe ndiye unayeleta disketi. Mstari huu nani aliugusa? Na kwa nini?"

Twaha akamtazama Munira. Munira akatazama sakafu.

"Si mimi," alisema Munira kwa sauti ndogo.

"Labda ni mashine," alisema Twaha. "Umeme ukikatika ghafla, mashine huchanganyikiwa."

"Mashine haina mkono," alijibu Sista.

Akaisukuma ile chupa karibu na kompyuta.

Munira aliwasha kompyuta. Ile kazi ya kutafuta ilinitia hofu kuliko ile lebo. Alifungua DOZI, akafunga. Alifungua DOZIMPYA, akafunga. Mistari ilikuwa mamia. Macho yake yalikimbia juu chini kama kuku aliyeona mwewe.

"Kaka, ipi tuliyopeleka wiki iliyopita?"

"Nadhani DOZI2. Au DOZIMPYA."

"Unadhani?"

"Nimepeleka mara nyingi, Munira! Kila nikifika pale naiweka kwa jina lilelile, DOZI. Mpya inafuta ya zamani."

Umeme wa mtaa wetu siku hizo ulikuwa wa mgao. Jua likizama tu, unakatwa. Nilitazama dirishani. Jua lilikuwa limeshafika kwenye paa la jirani.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mwenye paa lile.

"Subirini," nikasema. Nilitoka na kanga moja, bila viatu. Nikapiga kelele uani kwa jirani. "Elinaza! We Elinaza! Njoo, mwanangu, nakuomba!"

* * *

Elinaza ni dada kutoka Upare. Anafanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja mjini. Alikuja na kanga kichwani na sabuni mikononi, maana alikuwa akifua. Alisikiliza. Hakumlaumu mtu. Aliuliza tu, "Nakala zote mnazo?"

"Tunazo nne," alisema Munira.

"Kwanza zote ziwekwe kwenye disketi nyingine safi. Tukiharibu kitu, tusiharibu yote."

Munira akafanya hivyo. Elinaza akakimbia kwake, akarudi na disketi moja.

"Humu mna programu inaitwa RCS. Walioitengeneza wanaitoa bure. Sisi ofisini tunaitumia kila siku. Kazi yake ni ghala."

Basi, wewe uliyenipa mji, umeshasikia jibu. Chukua Kunduchi yako.

"Ghala la nini, Da Elinaza?" aliuliza Twaha.

"La maandishi ya programu. Faili lenu litakuwa moja tu, dozi.pas. Hakuna hasa, hakuna mpya. Kila mkibadilisha, mnaliweka ghalani. Ghala linalipa namba. La kwanza 1.1, la pili 1.2, na kuendelea. La zamani halifutwi na jipya. Munira, tuanze na ile DOZI ya kwanza kabisa. Ipe jina dozi.pas. Kisha andika: ci dozi.pas."

Munira akaandika. Kompyuta ikamuuliza faili hili ni la nini. Elinaza akamwelekeza aandike maneno machache. "Ukimaliza, weka nukta peke yake kwenye mstari, ubonyeze. Hiyo ndiyo alama ya kusema nimemaliza."

Munira akaweka nukta. Kisha akaagiza kompyuta imwonyeshe mafaili yake.

Faili la dozi halikuwepo.

"Limepotea!" Munira alipiga kelele. "Da Elinaza, limepotea! Mama yangu wee!"

Sista alisimama. Twaha akatupa ule waya. Mimi nilianza kusoma dua.

Elinaza akacheka. Mtu pekee aliyecheka alasiri ile alikuwa yeye. "Tulia, mdogo wangu. Umeweka mchele ghalani, halafu unashangaa haupo mezani? Ci ni kuingiza. Usipoiambia ikuachie nakala, inachukua yote. Sasa andika: co -l dozi.pas. Co ni kutoa. Ile l ni kufuli."

Munira akaandika. Faili likarudi, kama lilivyokuwa, mstari kwa mstari.

"Siku nyingine ukitaka kuweka na kuendelea kufanya kazi, andika ci -l. Inaingia ghalani, na nakala inabaki mkononi kwako."

"Ungeniambia mapema," alisema Munira. Jasho lilikuwa linamtoka puani.

"Ningekuambia mapema, ungesahau. Sasa hutasahau mpaka uzeeke."

Waliendelea. DOZI2 ikachukua jina la dozi.pas, ikaingia, ikawa 1.2. DOZIMPYA ikawa 1.3. DOZIHASA ikawa 1.4. Kila mara ghala liliuliza: umebadilisha nini? Na kila mara Elinaza akawageukia.

"Ya pili mlibadilisha nini?"

"Niliongeza tarehe kwenye lebo," alisema Munira.

"Andika hivyo. Ya tatu?"

"Nilipanua herufi," alisema Twaha. "Akina mama walisema hawazioni."

"Ya nne?"

Munira alisema, "Nilipanga majina kwa alfabeti." Kisha akangoja. Twaha hakusema kitu.

"Basi?" aliuliza Elinaza.

"Hayo ndiyo ninayoyajua mimi," alisema Munira.

Mie nilikuwa nikifuma huku nikiwatazama. Nilielewa kitu. Ukifuma kitambaa ukakosea safu, hukitupi chote. Unafumua mpaka pale ulipokosea. Lakini lazima upajue. Wajukuu zangu walikuwa wakifuma watu wawili kwenye kitambaa kimoja, na hakuna aliyehesabu safu.

"Sasa tutalinganisha," alisema Elinaza. "Andika: rcsdiff -r1.1 -r1.2 dozi.pas. Itatuonyesha mistari iliyotofautiana tu. Mingine haituhusu."

Kioo kikaonyesha mistari michache. Ilikuwa tarehe tu. Sista akashusha pumzi nusu.

"Ya pili na ya tatu."

Zilikuwa herufi tu.

"Ya tatu na ya nne."

Hapo Munira akaweka kidole kwenye kioo. Kulikuwa na mistari ya majina. Na chini yake kulikuwa na mistari miwili. Mmoja ulianza na alama ya mshale wa kushoto, ule wa zamani, na namba yake ilikuwa moja. Mwingine ulianza na alama ya mshale wa kulia, ule mpya. Namba yake ilikuwa mbili.

"Ni DOZIHASA," alisema Munira. "Kijiko cha pili kimeingia na DOZIHASA. Kaka, DOZIHASA ulipeleka lini?"

"Leo," alisema Twaha. "Leo asubuhi. Hiyo nina hakika, maana niliondoka nayo bila kunywa chai."

"Una hakika kabisa?" Sista alimshika mkono.

"Wallahi, Sista. Leo asubuhi. Wiki iliyopita ilikuwa DOZIMPYA."

"Na DOZIMPYA ina kijiko kimoja," alisema Munira. "Hiyo hapo, inaonekana."

Sista akakaa. Alifunika uso kwa viganja. "Basi ni Zubeda peke yake," alisema. "Ee Mungu, amfikie tu."

Umeme ukakatika. Kioo kikawa cheusi. Hakuna aliyejali, maana tulikuwa tumeshapata tulichokitaka. Tukakaa tukingoja gari. Nimewahi kungoja mambo mengi. Nimengoja mume atoke hospitali, akatoka amefunikwa. Sikumbuki kungoja kulikonibana kifua kama kule.

Gari likaja. Dereva aliingia na chupa mkononi, imejaa mpaka shingoni.

"Hajampa," alisema. "Alisema mtoto hajala. Alikuwa anangoja uji upoe."

Sista akalia. Munira akalia. Elinaza akanawa sabuni iliyokuwa imemkaukia mikononi. Kabla hajaondoka, Sista alisimama mbele ya Twaha na Munira.

"Namshukuru Mungu, na nawashukuru," alisema. "Lakini sikilizeni. Nimejua lini. Sijajua nani, wala kwa nini. Mpaka nijue, mashine ya zahanati itabaki imezimwa. Nitaandika lebo kwa mkono."

* * *

Siku zilizofuata Elinaza alikuja kila alipotoka kazini. Aliwafundisha adabu za ghala.

Kila anayekaa mbele ya kompyuta huanza kwa kuandika jina lake, ili ghala limjue. Anayetaka kubadilisha faili huandika co -l. Ghala humpa faili na kulifunga kwa jina lake. Akimaliza, anajaribu kwanza. Programu ikifanya kazi vizuri, huandika ci, na kueleza alichofanya na sababu. Hapo kufuli hufunguka, na mwenzake anaweza kulichukua. Ukitaka kusoma historia yote, unaandika rlog. Ukitaka ya zamani, unaitaja kwa namba, kama co -r1.3. Inarudi nzima, haijapungua herufi.

"Na msiandike 'nimerekebisha' basi," Elinaza aliwaonya. "Umerekebisha nini? Kwa nini? Mtu atakayesoma anaweza kuwa wewe mwenyewe, baada ya mwaka, umeshasahau kila kitu."

Kwanza kabisa Munira alirudisha kijiko kimoja. Ikawa 1.5. Sababu akaandika: lebo ilikuwa inazidisha dawa. Lakini ile 1.4 sababu yake ya kijiko haikujulikana. Elinaza alimwambia asiseme uongo. Munira akaongeza hivyohivyo kwenye maelezo yake: kijiko cha pili, sababu haijulikani.

Siku moja Munira alikaa mbele ya kompyuta, akaandika co -l. Kompyuta ikamkatalia. Ikasema faili limefungwa na Twaha. Munira akakaa akitazama maneno yale.

"Bibi, sasa nifanye nini?"

"Si umeambiwa analo nani? Mwendee."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie mashine imekutuma."

Akatoka uani. Nilisikia sauti yake, ya woga kidogo. "Kaka, umelifunga faili la dozi. Unalifanyia nini?" Nilidhani atamfokea. Kisha Twaha akacheka, akamweleza. Walikaa pale uani wakizungumza mpaka adhana. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Munira akimuuliza kaka yake jambo la kazi. Haikuwa utovu wa adabu, maana ghala ndilo lililouliza kwanza.

Hata hivyo Twaha hakuwa sawa. Alikuwa akila kidogo. Kila Munira alipoandika rlog, na ile 1.4 ikapita kwenye kioo, Twaha alipata sababu ya kutoka nje.

"Una nini?" nilimuuliza.

"Sina kitu, Bibi. Joto tu."

Lakini nilimwogopea. Mtu anayekimbia mstari mmoja wa maandishi ana jambo.

Leo ukienda ile zahanati, mashine inafanya kazi tena, na haichapi lebo yoyote ya dawa ile kabla haijamuuliza nesi swali moja: chupa ipi? Watoto wa siku zile wote ni wazima, nawaona wengine wanakimbiza mpira hapa mtaani. Na wajukuu zangu wana kazi za watu wengine sasa, na hawana tena mpya wala hasa. Ngoja nikwambie swali la chupa lilizaliwa vipi.

Sista Kokushubila alirudi nyumbani kwetu. Safari hii hakuhema. Alikuwa na uso wa mtu asiyelala. Alimsalimu kila mtu, akakaa, akakataa chai. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Nimekuja kwa sababu sina pa kwenda kwingine," alisema. "Watoto wanarudi na homa ileile. Nawapa dawa, nawaandikia kwa mkono wangu kijiko kimoja, kama miaka yote. Akina mama wanaapa wamewapa. Na mmoja nimempa mwenyewe, kwa mkono wangu, mbele ya macho yangu. Homa haishuki. Leo asubuhi ameanza kukakamaa. Tumempeleka hospitali kubwa. Nimejipima mwenyewe, nimejiuliza nimekosea wapi. Sijui."

Elinaza alikuwepo. Munira akafunua kitambaa, akawasha kompyuta, akaandika rlog. Nadhani hakujua la kufanya zaidi. Historia ikapita mbele yetu. 1.1, programu ya kwanza, Munira. 1.2, tarehe. 1.3, herufi kubwa. Na 1.4: majina kwa alfabeti; kijiko cha pili, sababu haijulikani.

Sista akasogea karibu na kioo. Alisoma polepole, kama anavyowasomesha akina mama.

"Hii hapa," alisema. "Hii ndiyo inayoniamsha usiku. Mtu alitaka kijiko cha pili. Hakutaka kuua mtoto. Alitaka nini?"

Twaha alikuwa ameshafika mlangoni. Mkono wake ulikuwa kwenye komeo.

"Twaha," nilimwita. Sikuongeza neno.

Akasimama. Mgongo wake ulikuwa umeloa. Elinaza akainuka kwenye kiti kilichokuwa mbele ya kompyuta, akakivuta kidogo, akakiacha wazi. Munira hakutazama sakafu safari hii. Alimtazama kaka yake usoni.

"Kaka," alisema, "kwa nini?"

Twaha akarudi. Hakukaa. Alishika mgongo wa kile kiti kwa mikono miwili, akamgeukia Sista.

"Ni mie," alisema. "Ulikuwa semina. Nilikuja kuleta karatasi za printa, nikawasaidia kushusha maboksi ya dawa. Nikasoma kwenye boksi. Chupa zinafanana na zile za zamani, rangi ileile, lakini dawa iliyomo nguvu yake ni nusu. Nikaona kijiko kimoja hakitatosha. Nikaweka viwili, nikasahau kwamba chupa za zamani, zenye dawa kali, bado zipo. Sikumwambia mtu, kisha Munira akafanya kazi juu ya faili langu, na mie mwenyewe nikawa sijui limetoka na disketi ipi. Ulipokuja na ile lebo niliogopa. Nikajiambia nilisoma vibaya lile boksi. Sikusoma vibaya, Sista. Zimo kwenye rafu ya chini. Hizo ndizo mnazowapa watoto sasa."